Je, Kuboresha Chombo Kunalipa Sulubu Yake? Hesabu za Elite Dangerous

Wachezaji wapya wa Elite Dangerous hawaniulizi sana kuhusu vita wala biashara. Wanachotaka kujua ni kama kuna haja ya kumaliza jioni nyingi wakikusanya malighafi ili fundi fulani, kwenye sayari fulani, awaongezee nguvu ya injini, au ni heri waruke na kile walichonacho. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua uchumi wa michezo ya kompyuta, swali hili nalijibu kwa hesabu, na hesabu yenyewe siifanyi kwa krediti, kwa sababu krediti katika mchezo huu hatimaye humjaa kila mwenye subira. Naifanya kwa saa. Boresho linalipa pale linapokurudishia saa nyingi kuliko zile ulizolitolea, na maboresho ya namna hiyo ni machache kuliko wakongwe wanavyopenda kudai.

Kwa wasioufahamu, mchezo huu ulitolewa mwezi Desemba 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Cambridge, Uingereza, nao umeijenga galaksi yetu kwa ukubwa wake halisi, ikiwa na mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Unaanza na chombo kidogo kiitwacho Sidewinder, kisha unapanda taratibu. Chombo kinaboreshwa kwa njia mbili ambazo watu huzichanganya mno: kununua vifaa bora dukani kwa krediti, na kuwapelekea mafundi malighafi ili wavirekebishe vifaa hivyo.

Njia ya kwanza haina sulubu kubwa, ila ina mtego. Vifaa vyote vimepangwa kwa herufi kutoka E hadi A, na bei hazipandi sambamba na faida. Tuchukue injini ya mruko, ile inayokurusha kutoka mfumo mmoja wa nyota hadi mwingine, ya ukubwa wa 5: ya E inagharimu takriban krediti 63,000, ya D takriban 189,000, ya C takriban 567,000, ya B takriban milioni 1.7, na ya A takriban milioni 5.1. Kila hatua bei inazidishwa mara tatu. Kwa injini ya mruko ninashauri mtu aende moja kwa moja hadi A bila kusita, lakini kwa vifaa vingine vingi, kama vile vya kuhifadhi hewa au vitambuzi, D ndiyo chaguo la mwenye akili, kwa sababu vifaa vya D ndivyo vyepesi kuliko vyote na wepesi ndio unaokupa umbali. Aidha, kila krediti unayoiweka ndani ya chombo inaongeza bima yake: chombo kikilipuliwa unalipa asilimia 5 ya thamani ya bodi pamoja na vifaa ili ukirudishiwe. Chombo kikubwa cha Anaconda, kikiwa kama kinavyotoka dukani, ni takriban milioni 147, maana yake kabla hujakiongezea hata bunduki moja tayari unadaiwa zaidi ya milioni 7 kwa kila ajali. Mchezaji anayenunua chombo hicho akabaki na milioni 2 mkononi hajapanda daraja. Amejiweka mahali ambapo kosa moja dogo la kutua linamrudisha kwenye Sidewinder.

Sulubu yenyewe iko katika njia ya pili. Mafundi waliingia mchezoni mwaka 2016, na sifa mbaya wanayobeba hadi leo ilitokana na jinsi walivyofanya kazi wakati huo: ulitoa malighafi zako, fundi akazungusha bahati nasibu, na kifaa kingeweza kutoka kikiwa kibaya kuliko kilivyoingia. Mwezi Februari 2018 utaratibu huo ulifutwa. Tangu hapo kila mzunguko unasogeza kifaa mbele, na wakaongezwa wafanyabiashara wa malighafi ambao unaweza kubadilishana nao ulichonacho kwa usichonacho. Mwaka 2024 kazi ilipunguzwa tena, kwa kushusha kiasi cha malighafi kinachohitajika na kuongeza kile unachookota. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mafundi ni mateso matupu, muulize kwanza aliacha kucheza mwaka gani.

Sasa tuifanye hesabu kwa kifaa kimoja. Umbali wa mruko hupatikana kwa kugawa uzito bora wa injini (kipimo cha uwezo wake, si uzito wake wenyewe) kwa uzito wa chombo kizima, kisha kuzidisha kwa namba inayotegemea mafuta yanayochomwa kwa mruko mmoja. Injini ya 5A ya kawaida ina uzito bora wa tani 1,050 na huchoma hadi tani 5 za mafuta. Asp Explorer iliyofungwa kikawaida, yenye uzito wa tani 330 hivi pamoja na mafuta, huruka nayo takriban miaka 37 ya nuru. Fundi Felicity Farseer, anayepatikana katika mfumo wa Deciat, anaweza kuuongeza uzito bora huo kwa asilimia 55 akifika daraja la tano. Injini yenyewe inakuwa nzito kwa asilimia 30, yaani tani 6 tu, kwa hiyo hasara ni ndogo sana, na chombo kilekile kinaruka takriban miaka 56 ya nuru.

Kutoka Dunia yetu hadi Sagittarius A*, lile shimo jeusi lililo katikati ya galaksi, ni takriban miaka ya nuru 25,900. Kwa injini ya dukani utahitaji miruko kama 700. Kwa injini ya Farseer itapungua hadi kama 460. Ukihesabu dakika moja kwa kila mruko, ikiwa ni pamoja na kuchota mafuta kwenye nyota na kuelekeza pua upya, umeokoa takriban saa nne kwa safari ya kwenda peke yake, na nyingine nne wakati wa kurudi. Isitoshe, ukipita kwenye koni ya mionzi inayotoka kwenye nyota ya nyutroni mruko unaofuata huwa mara nne ya kawaida, kwa hiyo anayeanza na 56 ananufaika na kila nyota ya nyutroni zaidi ya anayeanza na 37. Boresho hili linafanya kazi katika kila safari utakayoifanya, iwe ya biashara, ya uchunguzi au ya kumfuata rafiki aliye upande wa pili wa eneo la watu. Ndiyo maana naliweka peke yake, mbali na mengine yote.

Hata hivyo, si lazima ufike daraja la tano siku hiyohiyo. Daraja la kwanza linakupa asilimia 15, na kila linalofuata linaongeza 10, kwa hiyo daraja la tatu limeshakupa 35 kati ya 55. Malighafi za madaraja hayo ya chini huokotwa njiani bila kuzitafuta. Ugumu unaanzia juu, hasa katika data iitwayo Datamined Wake Exceptions, ambayo huipati kwa kuchimba wala kwa kupigana. Unafunga kitambuzi maalumu, unaegesha mahali penye msongamano wa vyombo, unasubiri vyombo vya watu viruke, kisha unasoma alama zinazoachwa angani kabla hazijafifia, moja baada ya nyingine, ukiwa hujui ni ipi itakayokupa kitu. Huo si mchezo tena, ni zamu ya ulinzi.

Njia nyingine ya data ni ajali ya rubani Jameson, kwenye sayari ya HIP 12099 1 B, ambako kuna mabaki ya chombo aina ya Cobra yaliyozungukwa na vinasa data. Unashuka na gari dogo, unavisoma vyote, unatoka hadi menyu kuu, unaingia tena, navyo vimejaa upya. Kwa mchezaji wa huku kwetu anayelipia bando, hili ni jambo la kutiliwa maanani: Elite Dangerous inadai intaneti muda wote, hata ukichagua kucheza peke yako, na saa ya kuingia na kutoka menyu inakula bando kama saa ya safari, bila kukupeleka popote.

Ukishapata data hiyo, kanuni ya kubadilishana ndiyo inayoamua kama umefanya kazi kwa akili. Wafanyabiashara wa malighafi wanataka vipande 6 vya daraja la chini wakupe 1 cha daraja linalofuata, lakini kipande 1 cha juu wanakupa 3 vya daraja lililo chini yake. Kupandisha kutoka la kwanza hadi la tano kunameza vipande 1,296 kwa kimoja, ilhali ghala lako la daraja la kwanza halipokei zaidi ya 300 vya aina moja. Kushuka kutoka la tano hadi la kwanza kunakupa 81 kwa kimoja. Kwa hiyo tafuta vya juu tu, ujaze, kisha uvivunje kuwa vya chini kadiri unavyovihitaji. Wanaolalamika kwamba kazi haiishi, ninapotazama maghala yao, mara nyingi nakuta wanaisukuma hesabu hii kinyumenyume.

Kuna tofauti nyingine ambayo naona haizungumzwi vya kutosha, nayo ni kati ya sulubu ya mara moja na ile inayojirudia. Kufunguliwa mlango na Farseer kunahitaji cheo kidogo cha uchunguzi na kipande kimoja cha meta-alloy, na mlango huo haufungwi tena. (Ingia Deciat ukiwa katika hali ya kucheza peke yako, wapo watu wanaoshinda pale wakiwavizia wageni kwa starehe tu.) Kiongeza mruko cha Guardian nacho kinakutaka uende kwenye magofu ya viumbe hao wa kale, uwashe nguzo, upigane na walinzi wa mitambo, na ukusanye vipande vyao. Ukishamaliza, unaweza kukinunua kwa krediti kwa ajili ya kila chombo utakachomiliki. Cha ukubwa wa 5 kinaongeza miaka 10.5 ya nuru bila kujali uzito wa chombo. Vilevile injini ya 5A iliyoboreshwa inaweza kung'olewa kwenye Asp Explorer na kufungwa kwenye Python au Krait Mk II, kwa kuwa zote zinatumia ukubwa huo. Kazi ya namna hii naifanya bila manung'uniko.

Ngao, silaha na injini za mwendo ni habari tofauti. Injini za mwendo zilizochochewa hadi daraja la tano huongeza ufanisi kwa asilimia 40, na joto nalo linapanda kwa asilimia 60, na katika pambano la wachezaji kwa wachezaji tofauti kati ya aliyeboreshwa na asiyeboreshwa ni kubwa kiasi kwamba halistahili kuitwa pambano. Lakini mchuuzi anayesafirisha shehena katika hali ya kucheza peke yake hatakutana na wachezaji hao kamwe. Ngao ya kawaida ya A na mkono mwepesi wa kukimbia vinamtosha dhidi ya maharamia wa kompyuta. Kumwambia akakusanye malighafi za ngao, bunduki nne na bodi ni kumpa ajira asiyoiomba.

Kuhusu kununua chombo kikubwa zaidi, nitatoa mfano mmoja tu. Type-7 ni takriban krediti milioni 17 na hubeba kidogo zaidi ya tani 300. Python ni takriban milioni 57 na hubeba takriban tani 290. Kwenye karatasi Python ni wizi, mpaka ukumbuke kwamba Type-7 inahitaji jukwaa kubwa la kutua, na vituo vidogo vya angani havina jukwaa hilo. Ukiwa na Python unashusha shehena popote.

La mwisho ni lile lililovuruga hesabu za zamani. Mwaka 2024 zilikuja injini za mruko za SCO, ambazo zinakuwezesha kuongeza kasi kupita kiasi ukiwa ndani ya mfumo wa nyota. Kituo cha Hutton Orbital, kilicho umbali wa mwaka wa nuru 0.22 kutoka unapoingia Alpha Centauri, kilikuwa kikichukua zaidi ya saa nzima ya kutazama namba zikipungua. Sasa ni suala la dakika. Injini hizi zinanunuliwa kwa krediti. Ya 5A ina uzito bora wa tani 1,175, inaruka mbali kuliko ile ya kawaida kabla fundi hajaigusa, na fundi huyohuyo anaipokea. Katika vyombo vya zamani kama Asp Explorer hupiga kelele, hupandisha joto na kufyonza mafuta haraka, hivyo unaiwasha kwa vipindi vifupi huku jicho likiwa kwenye kipimo cha tangi; vyombo vipya kama Mandalay vimeundwa kwa ajili yake na haviyumbi. Frontier huviuza vyombo hivyo vipya kwanza kwa pesa halisi, kisha baada ya miezi kadhaa kwa krediti, na kwa maoni yangu kungoja miezi hiyo hakukupunguzii chochote. Nunua injini ya SCO leo, ifunge kwenye chombo ulichonacho, na kama utampelekea Farseer injini moja tu mwaka huu, mpelekee hiyo.