Jeonju Huanzia kwenye Bakuli la Wali

Wengi wanaonijia wakitaka kusafiri kwenda Korea Kusini huja na majina mawili mdomoni, Seoul na Busan, nami huwajibu kwamba miji hiyo wataiona, lakini siku mbili kamili ninaziomba kwa ajili ya Jeonju. Ninaowaongoza ni watu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi, wengi wao wastaafu au wafanyabiashara, wanaosafiri kwa vikundi vya watu 12 hadi 16, na wana haki ya kujua kwa nini siku mbili za safari waliyoiwekea akiba kwa muda mrefu ziende kwenye mji ambao hawajawahi kuusikia. Kwa kuwa swali hilo huulizwa kila msafara, nimeona niliandikie jibu lake kwa kirefu.

Jibu lenyewe ni kwamba Jeonju ni mji ambao chakula chake, majumba yake, karatasi yake na nyimbo zake vimetoka kwenye shina moja, nalo ni mpunga. Mwongozaji anayetenga saa za kutembelea vivutio upande mmoja na saa za kula upande mwingine atawaonyesha wageni wake vitu vizuri, lakini wataondoka bila kujua kwa nini vitu hivyo vyote vilikutana pale.

Ndiyo maana somo la kwanza hulitoa ndani ya treni. Treni ya mwendokasi inayoondoka kituo cha Yongsan, Seoul, hufika Jeonju kwa muda usiozidi saa mbili, na njiani wengi husinzia kwa uchovu wa ndege. Tukikaribia Iksan huwaamsha wote na kuwaomba watazame nje. Takriban asilimia 70 ya ardhi ya Korea ni milima, na mpaka hapo macho yao yamezoea vilima visivyokwisha; ghafla milima inasogea mbali na mashamba ya mpunga yanatandaa kama mkeka. Huo ndio uwanda wa Honam, ambao Wakorea wenyewe huuita ghala la mpunga la nchi yao. Katika wilaya jirani ya Gimje wakazi hufanya tamasha kila mwaka kwa ajili ya jambo moja tu, kwamba kwao mtu anaweza kuona mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu, jambo la nadra katika nchi ya milima.

Mpunga huo ulileta kodi, na kodi ikaleta serikali. Enzi ya ufalme wa Joseon, ulioanza mwaka 1392, gavana wa mkoa wote wa Jeolla alikaa Jeonju, na jina lenyewe la Jeolla limeundwa kwa silabi za kwanza za miji miwili, Jeonju na Naju. Ofisi zake za kale zimejengwa upya na kufunguliwa kwa umma mwaka 2020. Penye gavana pana makarani, penye makarani pana karatasi. Penye matajiri wa mashamba pana meza zilizojaa na waimbaji wanaoalikwa kwenye karamu. Mengine yote ninayowaonyesha wageni ni ushahidi wa maneno hayo.

Mlo wa mchana wa siku ya kwanza ni bibimbap, na hapa huwa siharakishi. Watu wengi wameshakula bibimbap mahali pengine na hudhani ni wali uliomwagiwa mboga. Bibimbap ya Jeonju kwa desturi huanzia kwenye maji ya kupikia, kwa maana wali hupikwa kwa supu ya mifupa ya ng'ombe, na mafuta kidogo ya supu hiyo huzifanya punje zisishikane. Mpishi yeyote wa pwani anayejua tofauti ya wali uliochambuka na wali uliokuwa bokoboko ataelewa mara moja shabaha yake. Bakuli ni la shaba, zito, limepashwa moto kabla ya kupakuliwa. Juu ya wali hupangwa chipukizi za soya, mboga za majani na mizizi kila moja ikiwa imekolezwa peke yake, vipande vya jeli ya choroko yenye rangi ya njano ambayo ndiyo alama ya Jeonju, nyama ya ng'ombe ambayo mara nyingi huwa mbichi, kiini cha yai, na pembeni pilipili iliyochachushwa pamoja na mafuta ya ufuta. Wenyeji watakuambia uchanganye kwa vijiti badala ya kijiko, kwa sababu kijiko huzikandamiza punje na kuiharibu kazi yote ya mpishi. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza Jeonju katika mtandao wake wa miji ya ubunifu kwa upande wa mapishi, na mgeni aliyekula bakuli hilo kwa utulivu hahitaji kuelezwa sababu.

Hapo hapo lazima niseme jambo linalowahusu Waislamu, ambao katika vikundi vyangu huwa nusu au zaidi. Katika msafara wangu wa kwanza mwenye mkahawa mmoja alinihakikishia kwamba bakuli la mboga halina nyama, na kweli juu yake haikuwapo hata kipande. Wali wenyewe ndio uliokuwa umepikwa kwa supu ya mifupa, na tulilijua hilo wakati baadhi ya wazee wameshakula nusu. Yule mtu hakukusudia udanganyifu, ila mimi nilikosea kuuliza kuhusu kinachoonekana na kuacha kisichoonekana. Tangu siku hiyo huuliza mambo matatu kabla ya kuagiza: wali umepikwa kwa maji gani, supu imechemshwa na nini, na pilipili imetengenezwa wapi, kwa kuwa pilipili nyingi za viwandani hutiwa pombe kidogo ili zisiharibike. Maswali hayo huyaandika kwa Kikorea kwenye kadi na kumpa mpishi siku moja kabla. Jeonju ina msikiti, na mikahawa kadhaa iko tayari kupika wali kwa maji matupu ikipewa taarifa mapema. Asiyepewa taarifa hana kosa.

Siku ya pili, saa moja na nusu asubuhi, huwapeleka Soko la Nambu kula kongnamul gukbap, yaani wali ndani ya supu ya chipukizi za soya, chakula ambacho kwa maoni yangu kinaueleza mji huu kuliko hata bibimbap, kwa sababu ndicho chakula cha mtu wa kawaida anayewahi kazini. Supu hiyo mara nyingi hutokana na dagaa wakavu, nyingine huwekwa ngisi. Pamoja na bakuli kubwa huja kikombe kidogo chenye mayai yasiyoiva vizuri. Unachota vijiko vitatu au vinne vya supu ya moto unatia ndani ya kikombe, unararua mwani mkavu uliobanwa kama karatasi unatupia juu, unakula hicho kwanza, kisha ndipo unaingia kwenye bakuli. Wengine huteremshia kwa moju, pombe ya mchele iliyochemshwa na tangawizi, mdalasini na tende za Kikorea mpaka ukali wake karibu wote ukatoka. Asiyetumia kilevi aiache, kwa sababu haukutoka wote.

Katika vibanda hivyo wateja humwita mama anayehudumia "imo", neno ambalo maana yake ni mama mdogo, dada wa mama yako. Nikiwaeleza wageni wangu hivyo, nyuso zao hufunguka, maana nao kwao wanamwita muuza chakula mama au dada bila kuulizana ukoo. Siku moja bibi mmoja wa Tanga alimwita mhudumu "imo" kwa lafudhi yake ya Kitanga, na yule mama akamwongezea bakuli la kimchi, yaani mboga iliyochachushwa, bila kuombwa. Hakuna darasa la utamaduni ninaloweza kulipanga likafanikiwa namna hiyo.

Kijiji cha hanok, yaani nyumba za jadi za Kikorea, ndicho kinachopigwa picha kuliko vyote, na ndicho kinachoelezwa vibaya kuliko vyote. Wageni huambiwa ni mtaa wa kale sana. Ukweli una uzito zaidi kuliko hivyo. Wajapani walipokuwa wakiingia kuitawala Korea, mwanzoni mwa karne ya 20, ukuta wa mji ulibomolewa, likabaki lango la kusini la Pungnammun, na wafanyabiashara wa Kijapani wakasogea kujenga katikati ya mji. Kuanzia miaka ya 1930 Wakorea walijikusanya upande wa mashariki, katika mitaa ya Gyo-dong na Pungnam-dong, wakajenga nyumba kwa namna yao. Mapaa yale yapatayo 700, yenye vigae vyeusi vilivyopinda pembeni, ni jibu la watu walioamua kuendelea kuwa wao wenyewe. Huwapandisha wageni kilima cha Omokdae wayatazame kwa pamoja kutoka juu, kisha ndipo tunashuka.

Ndani ya kijiji yako mahali mawili nisiyokubali kuyapita haraka. La kwanza ni Gyeonggijeon, jumba lililojengwa mwaka 1410 ili kuhifadhi picha ya mfalme Taejo, mwanzilishi wa Joseon, ambaye ukoo wake ni wa Jeonju. Ndani ya ua huo huo palikuwa na ghala la kumbukumbu za ufalme. Wajapani walipovamia mwaka 1592, nakala za kumbukumbu hizo zilikuwa zimetunzwa mahali panne nchini, na patatu pakateketea. Wasomi wawili wa eneo hili, An Ui na Son Hong-rok, walizibeba zile za Jeonju hadi milima ya Naejangsan na kuzilinda huko. Kama isingekuwa wao, Korea isingekuwa na kumbukumbu hizo za karibu miaka 200 ya mwanzo ya ufalme ule. Mahali pa pili ni kanisa la Jeondong lililo mkabala, la matofali mekundu, lililoanza kujengwa mwaka 1908 karibu na mahali ambapo Wakatoliki wawili waliuawa kwa ajili ya imani yao mwaka 1791. Mawe ya ukuta uliobomolewa yalitumika katika msingi wake. Mwaka 2014 Papa Fransisko, akiwa Seoul, aliwatangaza mashahidi hao na wenzao kuwa wenyeheri. Wakatoliki wa vikundi vyangu huomba nusu saa ya kukaa ndani kimya, na nimejifunza kuiweka kwenye ratiba.

Alasiri ni ya karatasi. Hanji hutengenezwa kwa gome la mti wa jamii ya mforsadi, ambalo huchemshwa kwa maji ya majivu, huoshwa, hutwangwa hadi likawa nyuzi laini, kisha hutiwa kwenye pipa la maji baridi. Fundi huongeza utelezi unaotoka kwenye mizizi ya mmea ambao ni ndugu wa karibu wa bamia, na hapo kila mama wa Kibara katika kikundi hutia mkono, huuvuta ule utelezi kati ya vidole na kusema neno moja: mlenda. Ni kweli kabisa. Utelezi huo huzifanya nyuzi zielee bila kuzama na kutawanyika sawasawa, fundi anapotikisa wavu wa mianzi mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, ili nyuzi zipishane. Ukiinua wavu unaona maji yakichuruzika na ngozi nyeupe, nyembamba kuliko utando wa maziwa, imebaki juu.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoandikiwa kumbukumbu zilizookolewa, ndiyo iliyobandikwa kwenye milango ya chumba utakacholala, juu ya sakafu ya ondol inayopashwa moto kutoka chini, na ndiyo iliyovikwa kwenye vijiti vya mianzi kuwa vipepeo vya mkono, vya kujipepea. Ofisi ya gavana ilikuwa na mafundi wake wa vipepeo, na kazi yao ilipelekwa kwa mfalme kiangazi kinapoingia. Kipepeo hicho hicho ndicho kifaa pekee alichoshika mwimbaji wa pansori.

Kwa hiyo usiku wa mwisho tunakaa kwenye ukumbi mdogo, sakafuni, huku wasioweza kukunja magoti wakiwa wamepangiwa viti mapema. Mwimbaji ni mmoja na mpiga ngoma ni mmoja. Pansori ni hadithi inayoimbwa na kusemwa kwa zamu, kwa sauti iliyokwaruzwa na mazoezi ya miaka mingi; zimebaki hadithi tano, na ile ya Chunhyang, binti wa mji jirani wa Namwon, inaweza kuchukua saa nane ikiimbwa yote. Sisi husikiliza dakika 40. Katika kisa cha Heungbu, maskini mwenye moyo mwema anayepasua mung'unye, kipepeo kikifungwa kinakuwa msumeno, kikifunguliwa kinakuwa kitu kingine kabisa. Msikilizaji hatakiwi kunyamaza: mpiga ngoma na watu wote hutia maneno ya kumchochea mwimbaji, "eolssigu", "jotta", kila sentensi nzito inapotua.

Huwafundisha wageni maneno hayo kwenye chakula cha jioni, lakini mara nyingi hawayakumbuki. Yule bibi wa Tanga, aliyekulia katika nyumba za taarabu, hakuyakumbuka pia. Msumeno ulipofika katikati ya mung'unye alipiga paja na kusema kwa sauti, "Ehee, sema mwanangu!", na mpiga ngoma, bila kugeuza kichwa, akalipokea neno lile kwa pigo moja kwenye ukingo wa ngoma, mwimbaji akaendelea kukata.