Nakshi za fimbo ya pool haziongezi shabaha

Wengi wanaamini fimbo ya pool yenye nakshi nyingi ndiyo inayopiga vizuri. Si kweli. Nakshi hukaa kitakoni, yaani sehemu nene ya nyuma inayoshikwa. Mpira mweupe unaguswa na ncha ya ngozi, mbele kabisa ya kipande chembamba ambacho kwa kawaida ni mbao ya mti wa mepo (maple).

Tena kwenye fimbo nyingi za bei nafuu za kiwandani, nakshi hizo ni stika iliyofunikwa kwa vanishi. Chukua kioo cha kukuzia: utaona vitone vya rangi vya uchapaji mahali ambapo ungetarajia nyuzi za mbao. Hata gamba halisi la chaza lililopachikwa kwa ustadi hupandisha bei tu. Kabla ya kulipa, ibingirishe fimbo mezani. Ikiyumba au kurukaruka, huenda imepinda. Kisha kagua ncha na maungio ya vipande vyake.