Juya, kigumi na mnunuzi wa dikoni

Maofisa wa uvuvi wa Zanzibar tunapopita madikoni, kule samaki wanakoshushwa na kunadiwa, kutoa elimu, tunaulizwa sana: mbona hamuwamalizi hawa wavuvi haramu? Ni swali la haki. Ila doria peke yake haitoshi, kwa kuwa fedha inayouweka hai uvuvi haramu haitoki baharini. Inatoka pale dikoni, dalali anaponadi na sisi tukanunua.

Tuanze na juya. Ni wavu mrefu unaokokotwa chini kwa chini, na aghalabu hupitishwa juu ya majani ya bahari. Majani hayo ndiyo malezi ya changu, tasi na pono: watoto wao hujificha humo hadi wapate ukubwa wa kwenda mwambani. Juya huwazoa wote na kuyang'oa majani yenyewe. Siku ukiona fungu la vichangu vya urefu wa kidole, mpasue mmoja tumbo. Hutakuta mayai, wala dalili ya mayai. Samaki huyo ameuawa kabla hajazaa hata mara moja, na amekwenda kwa bei ya kutupa.

Kigumi, kwa maoni yangu, ni kibaya zaidi. Wavuvi huuzungushia mwamba nyavu, kisha huingia majini na kuyapiga matumbawe kwa miti au vyuma ili samaki washtuke na kukimbilia wavuni. Matumbawe ya matawi huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka, na yale mazito ya mviringo karibu sentimita 1. Kwa hiyo jiwe la matumbawe lenye upana wa mita 1 huenda likawa na umri mkubwa kuliko kijana anayelivunja. Na miamba yetu ilikwisha kuumizwa na joto la bahari mwaka 1998, kisha tena 2016, matumbawe mengi yakapauka. Leo mwamba unaojaribu kurudi katika hali yake ndio tunaoupiga magongo!

Zana na mbinu hizi haziruhusiwi, sawa na baruti na utupa, ile sumu ya mmea ya kulevya samaki, na Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar Namba 7 ya mwaka 2010 ipo. Tatizo ni nani anayefikiwa na sheria hiyo. Vijana wanaokokota juya mara nyingi si wenye wavu. Gharama zikishatolewa, chombo na wavu vina fungu lao, nalo humwendea mwenye mali. Mabaharia hugawana kinachobaki. Ukimkamata baharia ukamwacha mwenye juya, kesho ataajiri mwengine. Kila mtu dikoni anamjua mwenye juya ni nani.

Kwamba bahari hurudisha ikipumzishwa, wenzetu wa Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wameliona hilo kwa pweza. Pweza haishi sana, mwaka mmoja au kuzidi kidogo, na hukua upesi mno. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Ndiyo maana mwamba ukifungwa, asivue mtu pweza humo, kwa miezi mitatu hivi, wanaopatikana siku ya kufungua huwa wakubwa. Wanaoliharibu jambo hili ni wale wanaoingia usiku siku chache kabla ya kufunguliwa. Hapo anayedhulumiwa ni mama aliyeacha kuchokoa pweza bamvua baada ya bamvua, siku ambazo maji hupwa sana, akiwaambia watoto wavumilie. Huo ni wizi, na tuuite hivyo.

Ukiona uvuvi wa aina hii, mpe taarifa sheha, yaani kiongozi wa shehia, kamati ya wavuvi ya shehia yako au afisa uvuvi wa wilaya. Sema ni mwamba gani, saa ngapi, maji yakijaa au yakipwa, namba ya usajili ya chombo, na samaki wanashushwa diko gani. Hilo la mwisho husahauliwa, nalo ndilo linalotufikisha kwa mwenye wavu. Msiwavamie baharini, wala msichome nyavu wenyewe hata mkiwa na hasira ya haki. Wavu uliochomwa hauwezi kupelekwa mahakamani.