Ganda jepesi si suala la chokaa peke yake

Mayai yakianza kuvunjikavunjika, wafugaji wengi hukimbilia kuongeza chokaa, chanzo cha kalsiamu, kwenye chakula. Mara nyingi haisaidii. Chakula cha kuku wa mayai kinahitaji kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Ukizidisha sana kinakosa ladha, kuku wanakula kidogo na utagaji unashuka.

Angalia joto kwanza. Kuku anayehema mdomo wazi hupoteza kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo nusu ya pili ya malighafi ya ganda, pamoja na kalsiamu. Tena anakula pungufu ya gramu zake 110 hadi 120 za siku. Mpe maji ya baridi, umlishe alfajiri na jioni.

Kisha saizi ya chembe za chokaa. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, sehemu kubwa usiku, kuku akiwa amelala. Chokaa ya unga hupita haraka tumboni. Chembe za milimita 2 hadi 4 hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi asubuhi. Kuku wapewe chembe hizo jioni.

Kuku mzee hutaga yai kubwa zaidi kwa kalsiamu ileile, basi ganda hupungua unene. Lakini likikunjamana ghafla na ute kuwa majimaji, shuku bronkaitisi ya kuku, ugonjwa wa virusi wa njia ya hewa, mwite daktari wa mifugo.