Kutoa kompyuta ya ABS hakumaanishi kumwaga mafuta ya breki

Gereji nyingi, Nakuru hata Kisumu, zitakuambia kwamba ukitoa kompyuta ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki) lazima ufungue paipu za breki, kisha utoe hewa iliyoingia. Kwa magari mengi si kweli. Kifaa kile ni vitu viwili: bloku ya alumini yenye valvu na pampu, na kasha la plastiki lenye saketi, ambalo ndilo kompyuta yenyewe, lililofungwa kwa skrubu. Mafuta hayapiti kwenye kasha.

Zima gari, toa waya hasi wa betri. Safisha vumbi na grisi kabla ya kufungua chochote. Achia kufuli ya plagi kubwa, usivute nyaya. Skrubu huwa chache, nyingi za nyota, na bisibisi isiyokaa sawasawa itakula vichwa vyake.

Hapa ndipo wengi huharibu: kasha huvutwa likiwa limenyooka. Koili zimo ndani yake, zimevaa vijiti vya valvu vinavyobaki kwenye bloku. Ukichokoa upande mmoja, utapinda koili au kuvunja pini za mota. Kisha funika bloku kwa nailoni safi.

Kuna magari ambayo nafasi imebanana, au kasha halitenganishwi; hapo paipu zitafunguliwa, na mengine huhitaji mashine ya kupima kompyuta za gari ili kuendesha pampu wakati wa kutoa hewa.

Usiliendeshe gari bila kasha, hata kama unafika mtaani Kondele tu. Mara nyingi kompyuta hiyo ndiyo pia hugawa nguvu ya breki, na magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kwanza.