PAYE: kodi inayokatwa kabla mshahara haujakufikia

Jirani yangu mmoja, mwalimu, hupenda kusema kwamba yeye na TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, hawajuani. Hana duka, hana leseni ya biashara, hajawahi kukalishwa kwenye benchi akisubiri makadirio. Kumbe analipa kodi mara 12 kwa mwaka, tena hachelewi hata siku moja. Imo kwenye hati yake ya mshahara, mstari wa PAYE, imebanwa kati ya mchango wa pensheni na mkopo wa benki. Haihesabu kwa sababu haijawahi kupita mkononi mwake.

PAYE (Pay As You Earn), yaani lipa kadiri unavyopata, si kodi nyingine tofauti. Kodi ni ileile ya mapato. PAYE ni njia ya kuikusanya. Mwajiri anaikata kwanza, ndipo anakulipa kinachobaki. Ni ndugu wa kodi ya zuio, ile ambayo kampuni iliyopanga ofisi huikata kwenye pango kabla ya kumlipa mwenye jengo.

Tuchukue mtu wa Tanzania Bara aliyeajiriwa kampuni binafsi kwa Sh 900,000 kwa mwezi. Kwanza inatoka asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni, yaani 90,000, na hiyo haitozwi kodi. Inabaki 810,000. Sasa hiyo 810,000 haitozwi kwa mkupuo, inapandishwa ngazi. Sh 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, sawa na 20,000. Kutoka 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20, sawa na 48,000. Zile 50,000 za juu zinatozwa asilimia 25, sawa na 12,500. Jumla 80,500. Mkononi anabaki na 729,500, kama hadaiwi kwingine. Anayevuka milioni moja hukatwa asilimia 30 kwa kile kilichozidi milioni.

Nimeandika hesabu yote kwa sababu kuna uvumi usiokufa maofisini: eti ukiongezwa mshahara ukaingia ngazi ya juu, unaweza kuishia kupata kidogo kuliko mwanzo. Haiwezekani. Kiwango kikubwa kinagusa nyongeza tu. Kiasi chako kinachotozwa kodi kikitoka 760,000 kikawa 770,000, kodi inaongezeka kwa 2,500, na 7,500 ni zako. Wapo waliowahi kuogopa kupandishwa cheo kwa hesabu hiyo mbovu.

Mwajiri ana siku 7 baada ya mwezi kuisha kupeleka alichokata. Kenya mwisho ni tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Asipokata, anadaiwa yeye kana kwamba alikata. Hapo ndipo ujanja wa mfumo mzima ulipo: badala ya serikali kufukuzana na wafanyakazi 300 wa kiwanda, inashughulika na mhasibu mmoja.

Ujanja huo ni wa zamani, na kila ulipopiga hatua kubwa kulikuwa na vita vya kulipiwa. Uingereza ilianza kutoza kodi ya mapato mwaka 1799, enzi za waziri mkuu William Pitt, ili kupigana na Ufaransa. Watu walijitajia mapato wenyewe, na unaweza kukisia walitaja kiasi gani. Mwaka 1803 Henry Addington akageuza utaratibu, mapato kadhaa yakawa yanakatwa palepale yanapotoka. Kiwango chake kilikuwa nusu ya kile cha Pitt, lakini makusanyo hayakupungua kwa nusu.

Kwa mishahara ya watu wa kawaida, mwaka wa kukumbukwa ni 1943, Marekani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili kodi ya mapato ilikuwa ya wachache, walipaji kama milioni 4 hivi. Kufikia 1945 walizidi milioni 40. Na kodi ililipwa mwaka unaofuata, kwa mapato ya mwaka uliopita. Mfanyakazi wa kiwandani aliyezoea kuishi kwa mshahara wa wiki angeitoa wapi Machi pesa aliyokwisha kuila mwaka jana? Serikali ikaamua kukata kila siku ya malipo. Likazuka tatizo jingine: mwaka wa kuanza, watu wangelipa mara mbili, deni la 1942 pamoja na makato ya 1943. Beardsley Ruml, mweka hazina wa duka la Macy's na mwenyekiti wa benki kuu tawi la New York, akapendekeza deni la mwaka mmoja lifutwe. Rais Roosevelt hakupenda, akiona matajiri ndio watakaofaidi zaidi. Bunge likakata katikati, sehemu kubwa ikasamehewa, na makato yakaanza tarehe 1 Julai 1943.

Uingereza ilifuata Aprili 1944, na jina PAYE ndiko lilikotokea. Waziri wa fedha aliyeuandaa mpango huo, Kingsley Wood, alifariki Septemba 1943, siku ileile aliyokuwa autangaze bungeni.

Mmoja wa vijana waliosaidia kubuni makato ya Marekani pale hazina alikuwa mchumi Milton Friedman, ambaye baadaye alikuja kuwa mpinzani mkubwa wa serikali yenye mkono mrefu. Mkewe Rose, naye mchumi, alimsuta kwa kazi hiyo miaka mingi.

Kinachofuata baada ya makato hutofautiana. Mmarekani hujaza fomu kila mwaka, mwisho katikati ya Aprili, na aliyekatwa zaidi hurudishiwa. Hushangilia kama kaangukiwa na zawadi, ilhali ni pesa yake aliyoikopesha serikali bila riba. Mkenya naye hukatwa kila mwezi, kisha kufikia Juni 30 lazima awasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa kutumia fomu ya P9 ya mshahara na makato aliyopewa na mwajiri, hata kama hadaiwi shilingi. Mtanzania ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja hahitajiki kuwasilisha ritani kabisa. Ndiyo maana jirani yangu anaweza kustaafu bila kuikanyaga ofisi ya TRA.