Dagaa hawamshtui mbwa wa Mwanza

Kazi yangu ni kufundisha mbwa hapa Mwanza. Mzee mmoja wa Nyegezi alinipigia simu kwa hasira. "Mwalimu, ulisema nimpe mbwa dagaa akija nikimwita. Nimempa, kanusa tu, kaenda zake!" Nikamuuliza, shikamoo kwanza mzee, halafu huyo mbwa jioni anakula nini? "Ugali wa dona na dagaa." Kesi ikaishia hapo. Kwa nini aache harufu zote za mtaani akukimbilie wewe, kwa malipo ambayo saa moja usiku atawekewa bure kwenye bakuli?

Kosa lilikuwa langu. Nilizoea kumwambia kila mteja anunue dagaa, maana soko la samaki la Mwaloni Kirumba hawakosekani. Dagaa wanamfaa mbwa wa Capri Point, mtaa wa wenye nazo, anayelishwa chakula cha mfuko cha dukani: uwaoshe mchanga, uwakaange bila mafuta wala chumvi. Kwa mbwa aliyekulia dagaa, tafuta kitu kingine.

Kitu chenyewe ni maini ya ng'ombe. Hununui mengi, nusu kilo inatosha wiki nzima na zaidi. Nunua buchani, nyama iliyopita kwa mkaguzi, na uyachemshe mpaka ndani pasibaki wekundu, kama dakika ishirini hivi. Hapa sibembelezi mtu. Maini na mapafu mabichi huweza kuwa na malengelenge ya mnyoo ambaye akishaingia tumboni mwa mbwa hukomaa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuwaambukiza watu, hasa watoto wanaocheza na mbwa huyo. Chumvi usitie. Kitunguu maji na kitunguu saumu ndiyo kabisa usiguse, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Yakipoa, yatwange au uyasage, uchanganye na yai moja na unga kikombe kimoja. Unga wangu ni wa michembe, vipande vya viazi vitamu vibichi vilivyokaushwa, nautwanga mwenyewe kwenye kinu. Wengi huniuliza kwa nini nisitumie dona, iko ndani tayari. Dona nzuri haina ubaya. Shida ni ile iliyokaa sana guniani ikapata unyevu, ambayo watu husema "hii ya mbwa." Humo huota ukungu unaotoa sumukuvu, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa nao huwadhuru vibaya sana. Kupika hakuiondoi. Unga ambao usingeula wewe, usimpe.

Paka mafuta kidogo sufuria, tandaza mchanganyiko uwe mwembamba kama kidole, kisha moto juu na chini kama unavyooka keki: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Nusu saa inatosha. Nyumba itanuka. Mke wangu ameniruhusu kufanyia uani tu, na jirani naye ana maoni yake.

Ikipoa, kata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Watu hawaniamini hapa, wanakata kama mishikaki. Katika zoezi la robo saa naweza kumlipa mbwa mara arobaini. Akishiba kwenye mara ya kumi, somo limekwisha. Kipande kiwe laini, akimeze papo hapo. Ukimpa biskuti ngumu atalala chini aitafune, aokote makombo, na akimaliza hakumbuki alilipwa kwa lipi. Mpe ndani ya sekunde moja au mbili baada ya kutii. Na vitafunwa vyote vya siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Punguza ugali wa jioni. Maini yana vitamini A nyingi, kwa hiyo usiyageuze kuwa mlo wa kila siku.

Kwa mazoezi ya ndani, kukaa na kulala, sitoi maini. Natoa matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, nikiyakata kwa mkasi. Ni matamu, hayachafui mfuko. Maini nayaweka kwa kazi ngumu: kumwita mbwa aliyeona kuku, au kumpitisha mwaloni palipojaa harufu ya samaki. Sangara aliyechemshwa, minofu mitupu, naye anafaa. Mapanki hapana, mifupa ile ya sangara iliyokaangwa inakwama kooni.

Keki ya maini hukaa siku tatu kwenye friji, nyingine gandisha. Iliyoshinda mfukoni juani, tupa.

Mzee wa Nyegezi alipiga tena Jumamosi. Mbwa sasa anakuja hata kabla hajaitwa, na hataki kuondoka mlangoni mwa jiko. Nimemwambia hilo ni somo la wiki ijayo.